Kabla hujapanda msituni kupumzisha kichwa, malizana na mjini kwanza

Mara ya kwanza nilipopanda Magamba, ule msitu wa hifadhi juu ya Lushoto, plani ilikuwa siku nne bila simu. Siku ya pili saa tano asubuhi nimesimama juu ya jiwe, mkono juu kama naanika nguo, natafuta kamstari kamoja ka netiweki, faili la logo ya mteja MB 84 limegoma kwenye asilimia 40, na mbega wako mtini wananiangalia tu. Yani nimelipa nauli, nimebeba tenti, nimekuja kufanya kazi ileile ya nyumbani Sinza ila bila kiti.

Na wala sikuwa nimeiwasha simu ili nichati. Niliiwasha kuangalia saa. Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla ya tochi na kabla ya viatu, tafuta saa ya mkononi, hata ya elfu kumi ya pale Kariakoo, maana simu ukishaiwasha kwa sababu ndogo inakuletea kubwa.

Sisi tunaofanya dizaini, video, kuandika, tukichoka tunadhani tatizo ni mji. Tunakimbia. Afu kazi uliyoiacha nusu inapanda nawe basi, inakaa siti ya pembeni. Ndo maana mimi maandalizi naanza wiki mbili kabla, na siyo kwa kununua vitu, ni kwa kukaa na karatasi na kujiuliza nani anaweza kunitafuta siku hizo na atataka nini. Mteja mwenye kazi mkononi unampigia, humtumii meseji, unamwambia kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu sipo, siyo "nitakuwa natingwa kidogo", maana hiyo kidogo ndo mlango anaoingilia. Mafaili yote ya mwisho, fonti, pasiwedi za akaunti zao, unampa mwenzio mmoja unayemwamini na unamlipa, usimwombe fadhila, mtu wa fadhila atakupigia wewe.

Halafu kuna hili la WhatsApp ambalo watu wengi hawalijui. Ile meseji ya kujijibu yenyewe kwenye WhatsApp ya biashara haitoki kama simu yako haina intaneti. Wewe umeiseti vizuri, umezima simu, uko msituni, mteja anaona tiki moja siku nne anadhani umemkimbia na advansi yake. Ya imeili ni tofauti, ile inajibu huko huko kwenye seva hata simu ikiwa imezimwa. Mimi simu ya kazi naiacha nyumbani imechomekwa kwenye waifai, napanda na kitochi, kile kisimu cha batani, cha dharura tu.

Nyumbani nako ni hivyohivyo. Mama ukimwambia unaenda porini peke yako atakuombea wiki nzima, sasa usimfiche, mwachie jina la kijiji utakakoanzia, namba ya mwongozaji, na siku na saa ambayo akiwa hajakusikia ndo aanze kuuliza. Mpe saa kamili, siyo "jioni jioni". Bila hiyo atakutafuta siku ya kwanza tu usiku, au hatakutafuta kabisa akijua mwanangu kazoea.

Sasa huko penyewe. Mombo pale barabara kuu ya Arusha unaacha joto, unapanda kilomita 33 za kona hadi Lushoto mjini, ambako ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Magamba iko juu zaidi ya hapo. Mtu wa Dar akisikia baridi anabeba shati la mikono mirefu, dah. Juni mpaka Agosti unataka sweta zito, soksi za kulalia, kofia, na kitu cha kukukinga na ubaridi wa chini, maana ardhi ndo inakunyonya joto kuliko upepo. Machi hadi Mei ni masika, njia zinateleza na milimani udongo unaporomoka, mimi miezi hiyo siendi na sikushauri. Koti la mvua beba mwezi wowote, ule msitu unatengeneza ukungu wake wenyewe.

Hifadhi iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwahiyo usijiingilie tu kama shambani kwa babu. Ulizia kiingilio na wapi panaruhusiwa kupiga kambi. Malipo ya serikali siku hizi ni kontroo namba, ile namba ya kulipia, na kontroo namba bila netiweki ni makaratasi tu, malizana nayo ukiwa bado mjini. Cash ndogondogo beba, elfu mbili mbili na elfu tano tano, bodaboda wa kijijini na mama wa maharage hawana chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi. Droni inataka kibali, kama huna iache, tena ukiibeba utaishia kufanya kazi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, vitu vyako visivyotakiwa kulowa viweke kwenye mfuko mgumu wa kudumu, na takataka zako unashuka nazo.

Mwongozaji chukua wa hapohapo, Msambaa anayejua njia, hata kama wewe ni mtembeaji. Giza ndani ya msitu linaingia kabla ya huko nje, saa kumi na moja na nusu chini ya miti mikubwa huoni mizizi. Tochi ya kichwani na betri za akiba. Maji chemsha hadi yatokote kweli, au beba vidonge vya kusafishia na usome pakiti. Dawa zako za kila siku, za kuzuia kuharisha, plasta, na dawa ya mbu, maana hata kama juu wamepungua, Mombo utawakuta.

Na jiandae kisaikolojia na pelele. Ni kanyama kadogo ka mtini, ukikaona mchana unakahurumia, ila usiku kanapiga ukelele kama mtu ananyongwa taratibu, kanaanza chini kanapandisha. Usiku wangu wa kwanza nilikaa macho nimeshika kisu cha kukatia mkate. Mwongozaji asubuhi alicheka mpaka akakaa chini.

Vya kazi? Daftari moja na penseli, wino ukilowa unaondoka na mawazo yako. Laptopu hapana. Wala usijiwekee kwamba utarudi na idea, siku mbili za mwanzo kichwa kitakuwa kinaropoka tu, bili, mteja, kodi, unaona hata msitu haufanyi kazi. Changu hunyamaza siku ya tatu, kwa hiyo safari ya siku mbili huwa naona ni kupoteza nauli, ila kama bosi wako amekupa wikiendi tu basi nenda usikilize pelele urudi.

Kingine, siku ya kurudi usiiwekee dedilaini. Acha siku nzima tupu. Kitochi changu siku hizi sikiwashi njiani, nashuka mpaka Soni nanunua matunda kama ni msimu, Mombo nakula, nalala kwenye basi, simu ya kazi naishika nyumbani nikishaoga, na huwa nakuta meseji mia na kitu ambazo zaidi ya nusu watu wameshajijibu wenyewe.