Namna ya Kuandika Maneno ya Opera: Tunachojifunza kwa Lorenzo Da Ponte

Mwandishi wa maneno ya opera (tamthilia inayoimbwa), maneno yaitwayo libreto, hana budi kukubali tangu mwanzo kwamba kazi yake kubwa ni kupunguza, kwa kuwa sentensi inayosemwa kwa pumzi moja huchukua muda mrefu zaidi inapoimbwa. Mwandishi wa libreto Lorenzo Da Ponte alipomwandalia mtunzi wa muziki Mozart opera ya Le nozze di Figaro (Harusi ya Figaro), iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 1 Mei 1786, alichukua tamthilia ya Mfaransa Beaumarchais yenye wahusika 16 akabakiza 11, na sehemu zake tano akazifanya nne. Hotuba ndefu ya mtumishi Figaro dhidi ya mabwana aliiondoa, maana Kaisari Joseph II alikuwa amekataza tamthilia hiyo jukwaani.

Ukishapunguza, jiulize katika kila onyesho mhusika anafanya nini. Opera hiyo inapoanza, Figaro anapima sakafu ili kitanda kienee, akitaja namba tu: tano, kumi, ishirini, thelathini, thelathini na sita, arobaini na tatu. Mchumba wake Susanna naye anajaribu kofia na kumsihi amtazame. Kabla harusi haijatajwa, tumeshawaona wachumba wawili, kila mmoja na shughuli yake, na Mozart amepata melodia mbili za kukutanisha, hadi Figaro anapoacha kuhesabu na kuufuata wimbo wa mchumba wake. Kwangu mimi, hapo ndipo umahiri wa Da Ponte unapoonekana wazi kuliko penginepo.

Kisha tenga mahali ambapo kisa kinasonga kwa maneno mepesi yanayokaribia mazungumzo, yaani resitativo, na mahali ambapo kisa kinasimama ili hisia moja iimbwe katika aria, yaani wimbo wa mhusika mmoja.

Ukiandika kwa Kiswahili, chunga mkazo. Neno “barabara” likikazwa silabi ya tatu ni njia ya kupita, likikazwa ya pili ni sawasawa. Mdundo mzito ukiangukia pasipo pake, maana inapotea. Katika noti ya juu kabisa weka neno lenye “a” iliyo wazi, kwani “i” na “u” humbana mwimbaji koo.

Hatimaye keti na mtunzi wa muziki, mwimbaji aimbe kila mstari polepole, na lile neno linalomkwamisha libadilishwe palepale, hata kama ndilo ulilolipenda kuliko yote.