Umeuza nyumba uliyokuwa unaishi Marekani kwa hasara? Usiache kuripoti

Tuanze na lile linalouma: nyumba uliyokuwa unaishi mwenyewe ukiiuza kwa hasara, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) hawakupunguzii kodi hata senti. Ungepata faida wangekusamehe hadi dola 250,000, au 500,000 kwa mke na mume wanaojaza pamoja, mradi umetimiza masharti, ila hasara ni ya kwako na nyumba yako. Haya, tumeshalia, tuendelee.

Sasa wengi wanaona kama haipunguzi kodi basi hamna cha kuripoti. Mjazaji wangu wa ritani (fomu za kodi za mwaka), niliyemlipa hela ya maana kabisa, naye akaniambia hivyohivyo bila hata kuinua macho kwenye simu yake. Halafu ikaja barua ya CP2000, ile ya IRS inayosema ulichoripoti hakilingani na walichonacho wao.

Chanzo ni Fomu 1099-S, ile inayowaripotia IRS kwamba nyumba imeuzwa. Siku ya kusaini mauzo, kwenye lile rundo la makaratasi, omba karatasi ya kuthibitisha kwamba umeimiliki na kuishi humo angalau miaka 2 kati ya 5 iliyopita na masharti mengine yaliyoandikwa pale. Ukistahili kuisaini, anayesimamia mauzo halazimiki kutuma 1099-S. Usisubiri uletewe, iulize mwenyewe, maana wale wanataka tu usaini haraka mteja mwingine aingie.

Kama 1099-S imeshatoka (mwisho wa kukutumia ni 15 Februari) angalia kiboksi cha 2. Pale pana bei nzima ya mauzo, haijatolewa kamisheni ya dalali wala deni la benki wala ile bei uliyonunulia, na IRS wana kopi yao. Usiporipoti, kompyuta yao inaona dola 285,000 zimeingia na gharama sifuri, kwa hiyo inakupigia hesabu kama vile yote ni faida, na riba juu. CP2000 kwa kawaida inakupa siku 30 kujibu, usiiweke juu ya friji.

Kujaza kwenyewe ni Fomu 8949, ya kuorodhesha mali ulizouza. Kama nyumba umekaa nayo zaidi ya mwaka nenda sehemu ya II, tiki kiboksi F. Safu ya (d) weka bei ya 1099-S, tuseme 285,000. Safu ya (e) gharama yako, yaani bei ya kununulia pamoja na maboresho ya kudumu kama paa jipya au jiko jipya (kupaka rangi hakuhesabiki, hata kama fundi alikukamua), tuseme 322,000. Safu ya (f) andika herufi L, ndiyo inayosema hii hasara hairuhusiwi. Safu ya (g) weka 37,000 bila alama ya kutoa. Safu ya (h) inabaki 0. Jumla inahamia Schedule D, fomu ya kujumlisha faida na hasara za mauzo, basi.

Kabla hujatuma fungua Schedule D uisome kwa macho yako. Ukikuta namba ya kutoa pale, programu ya kujazia kodi imeichukua nyumba kama uwekezaji na inataka kukupunguzia hadi dola 3,000 za mapato mengine. Inanoga kweli, lakini siyo haki yako na wataidai baadaye. Rudi kwenye herufi L.

Kama uliigeuza ya kupangisha kabla ya kuuza, mambo ni tofauti: hasara inaweza kukubalika kwenye Fomu 4797 (ya mauzo ya mali za biashara), ila wanaanzia gharama yako au bei ya soko ya siku ulipoanza kupangisha, ile iliyo ndogo. Na kama benki ilikusamehe sehemu ya mkopo ukaletewa 1099-C, deni lililosamehewa linaweza kuhesabiwa kama mapato, hapo uliza mapema kuhusu Fomu 982 (ya kuomba deni hilo lisihesabiwe kama mapato), na muulize mtu anayeinua macho.