Kukompaili PROJ mwenyewe kwenye Ubuntu, Windows na Mac, ili viwanja vya Raskazone visiangukie baharini

Wakuu habari za saizi. Juzi kijana mmoja wa Makorora hapa Tanga kanifuata na laptopu yake, kaandika kwenye Excel pembe za kiwanja cha familia yao kule Raskazone, namba kazitoa kwenye ramani ya zamani ya upimaji, kaziweka juu ya picha ya setilaiti afu ananiuliza, "Kaka, hiki kiwanja cha shangazi mbona kiko kwenye maji?" Nikaangalia, kweli, pembe zote nne ziko baharini, tena zimekaa vizuri kabisa kwa umbo la kiwanja, ila zimesogea kaskazini kama mita 300 na magharibi kama mita 90 na kitu.

Mpimaji hakukosea na kijana hakukosea kuandika. Ramani zetu nyingi za zamani zimepimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa koordineti unaotumia umbo la dunia la Clarke 1880, na simu na setilaiti zinatumia WGS 84, mfumo wa GPS. Namba zinafanana sura, UTM (gridi ya mita za mashariki na kaskazini) kanda ya 37 kusini zote mbili, lakini msingi wake si mmoja. Ukichukua namba ya Arc ukaisoma kama WGS 84 unahama zaidi ya mita 300, na kwa hapa Tanga mjini ukihama kaskazini hivo unakutana na bahari tu.

Laibrari inayofanya kazi ya kugeuza hizi namba inaitwa PROJ. Ilianzia kwa Gerald Evenden, alikuwa USGS, shirika la serikali la jiolojia kule Marekani, miaka ya 1980, na mpaka leo ni ya bure, QGIS (programu ya ramani) inaitegemea, PostGIS (ghala la data za ramani) inaitegemea, GDAL (laibrari ya kusoma mafaili ya ramani) inaitegemea. Ukiielewa hii umeelewa nusu ya matatizo ya ramani.

Kabla hujaanza, jiulize kama unahitaji kukompaili (yaani kuijenga programu mwenyewe kutoka kodi zake) kweli. Kama unataka tu kugeuza namba, Ubuntu andika `sudo apt install proj-bin`, Mac yenye Homebrew andika `brew install proj`, Windows chukua OSGeo4W (kifurushi cha programu za ramani), kazi imeisha, kanywe chai. Kukompaili ni kwa anayetaka toleo jipya kuliko alilopewa (Ubuntu 22.04 kwa mfano inakuja na 8.2.1), au anayeandika programu yake, au anayetaka kuelewa kitu kinavofanya kazi. Mi nawahimiza vijana wajaribu hata mara moja, maana ukishajua hii laibrari nyingine nyingi za C++ ni mwendo uleule.

Kodi zinapatikana download.osgeo.org/proj, faili halifiki MB 10 kwa hiyo bando halitaumia hapo. Natumia 9.4.0 kwenye mifano, ukikuta jipya zaidi badilisha namba. Halafu ukiona maelekezo ya zamani yanakwambia uandike `./configure`, achana nayo, kuanzia toleo la 9 mwaka 2022 njia ni CMake (programu ya kuandaa ujenzi) peke yake.

Ubuntu

Vifaa kwanza:

`sudo apt install build-essential cmake pkg-config sqlite3 libsqlite3-dev libtiff-dev libcurl4-openssl-dev`

Angalia hapo sqlite3 imetajwa mara mbili na zote unazihitaji. Ile libsqlite3-dev ni ya kompaila, ile sqlite3 yenyewe ni programu inayotengeneza proj.db, yaani ghala lenye mifumo yote ya koordineti. Ukiisahau utaambiwa "sqlite3 binary not found!" na watu wengi wanahangaika hapo wakati wameshainstoli ile nyingine.

Afu:

`tar xzf proj-9.4.0.tar.gz`
`cd proj-9.4.0`
`mkdir build && cd build`
`cmake .. -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/proj -DBUILD_TESTING=OFF`
`cmake --build . -j2`
`cmake --install .`

Hiyo BUILD_TESTING=OFF nimeiweka kwa sababu ya bando, majaribio yake yanataka kushusha googletest kutoka mtandaoni, mwenye intaneti ya uhakika aiache na akimaliza aandike `ctest`. Na -j2 ni mafaili mawili kwa wakati mmoja. Kwenye laptopu ya GB 4 usiandike -j tupu bila namba, itafungua kazi nyingi kwa mpigo, RAM itajaa, mashine itaganda, utadhani imeharibika.

Sasa kuhusu umeme, hili limenikuta mwenyewe nikiwa Ngamiani, betri ya laptopu ilishakufa zamani, nimefika kama asilimia 70 umeme ukakata. Ukirudi huna haja ya kuanza upya, rudia ile komandi ya `cmake --build` itaendelea ilipoishia. Ila mi ilinigomea, ikaniambia faili moja la .o "file truncated", maana lilikuwa linaandikwa wakati giza linaingia, likabaki nusu. Dawa yake ni kulifuta hilo faili moja tu lililotajwa kisha kurudia, usifute folda zima ukapoteza saa nzima ya kazi.

Nimeweka ndani ya $HOME/proj makusudi, haihitaji sudo, na haigusi ile PROJ ambayo QGIS yako inaitumia. Ukitaka kuiondoa unafuta folda, basi. Ukiita programu ikasema haioni libproj.so.25, andika kwenye terminali hiyohiyo:

`export LD_LIBRARY_PATH=$HOME/proj/lib`

Usiiweke kwenye .bashrc nakuomba, ikikaa hapo moja kwa moja programu nyingine unazozifungua kutoka terminali nazo zitaanza kuchukua laibrari yako badala ya ya kwao. Aliyechagua kuinstoli kwenye /usr/local kwa sudo, yeye aandike `sudo ldconfig`.

Mac

Hapa ni haraka. `xcode-select --install` kupata kompaila, halafu `brew install cmake pkg-config sqlite libtiff curl`. Komandi za kujenga ni zilezile za Ubuntu, tofauti ni kwamba sqlite ya Homebrew imefichwa kidogo, haikai kwenye njia ya kawaida, kwa hiyo kwenye mstari wa cmake ongeza:

`-DCMAKE_PREFIX_PATH=/opt/homebrew/opt/sqlite`

Hiyo ni kwa Mac za chipu ya M. Zile za Intel ni /usr/local/opt/sqlite. Laibrari inatoka na jina la .dylib badala ya .so, na ldconfig haipo huko, usiitafute.

Windows

Wengi wetu ndo tuko huku na ndo kwenye kazi, kwa hiyo twende polepole. Unahitaji Git, CMake, na Visual Studio Build Tools, ile sehemu ya C++. Hiyo ya mwisho ni GB kadhaa jamani, nenda sehemu yenye waifai, usijaribu kwa bando la siku.

Vifaa vingine tunavipata kwa vcpkg, programu ya kushusha na kujenga laibrari:

`cd C:\`
`git clone https://github.com/microsoft/vcpkg`
`cd vcpkg`
`bootstrap-vcpkg.bat`
`vcpkg install sqlite3[core,tool] tiff curl --triplet=x64-windows`

Hilo neno tool ndani ya mabano ndo linaleta ile programu ya sqlite3 niliyoisema juu, ukiliacha utagota palepale. Ikimaliza (inachukua muda maana nayo inakompaili kila kitu), fungua folda ya PROJ, tengeneza build, ingia ndani yake, kisha:

`cmake .. -DCMAKE_TOOLCHAIN_FILE=C:\vcpkg\scripts\buildsystems\vcpkg.cmake -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=C:\proj -DBUILD_TESTING=OFF`
`cmake --build . --config Release`
`cmake --install . --config Release`

Release iandike mara zote mbili, usipoiandika kwenye kujenga Visual Studio inakupa Debug, afu kwenye kuinstoli inatafuta Release haipo. C:\proj ni bora kuliko Program Files kwa sababu haidai ruhusa ya adimini.

Ukiita cs2cs ikalalamika sqlite3.dll haionekani, ongeza kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Windows inatafuta programu) ya dirisha hilo:

`set PATH=C:\proj\bin;C:\vcpkg\installed\x64-windows\bin;%PATH%`

Na ikisema haioni proj.db:

`set PROJ_DATA=C:\proj\share\proj`

Kabla ya 9.1 hiyo iliitwa PROJ_LIB, mkikuta jina hilo kwenye maandishi ya zamani ni kitu kilekile. Hapa nasisitiza, iweke kwenye dirisha hilo tu, usiende kuiweka kwenye mipangilio ya Windows nzima. PostGIS ina proj.db yake na QGIS ina yake, ukiilazimisha moja isome ghala la mwenzake unaanza kuona ujumbe wa DATABASE.LAYOUT.VERSION.MINOR na maneno "It comes from another PROJ installation". Nimewahi kukaa siku mbili na mtu ambaye alishaformati mashine kwa ajili ya huo ujumbe, na tatizo lilikuwa mstari mmoja tu uliosahaulika kwenye mipangilio.

Kupima kama imekaa sawa

Usiridhike kwa kuwa imeinstoli bila kelele. Ipe namba ya mahali unapopajua. Kwenye Linux na Mac ita ~/proj/bin/cs2cs, kwenye Windows, ukishaweka ile PATH ya juu, cs2cs inatosha:

`echo 511000 9439600 | cs2cs -f "%.6f" EPSG:21037 EPSG:4326`

EPSG ni orodha ya namba za mifumo ya koordineti: 21037 ni Arc 1960 UTM 37 kusini, 4326 ni latitudo na longitudo za WGS 84. Inatakiwa upate kitu kinachoanza na -5.07 halafu 39.10, latitudo mbele, hapo uko Tanga mjini. Sasa rudia ukiweka EPSG:32737 badala ya 21037, namba zilezile ila umeiambia ni WGS 84 tayari, uone latitudo inavosogea kaskazini. Huo mwachano ndo ule uliopeleka kiwanja cha shangazi majini.

Ukitaka kujua imetumia hesabu gani andika `projinfo -s EPSG:21037 -t EPSG:4326`, itakuorodheshea njia zote za kugeuza na kila moja imeandikwa usahihi wake kwa mita. Zisome kweli hizo mita. Kwa kuona kiwanja kiko mtaa gani zinatosha kabisa, ila kwa kugombania mpaka na jirani hazitoshi, usichimbe bikoni kwa cs2cs, tafuta mpima mwenye leseni aje na vifaa vyake.

Kijana wa Makorora tulimaliza saa kumi na moja jioni, pembe nne zikatua nchi kavu, moja ikagusa kona ya ukuta wa jirani. Nimemwambia hiyo kona asimwonyeshe mtu yeyote mpaka mpima afike.