Kutoa kitabu cha katuni ndani ya filamu ya watoto

Kwanza zima televisheni. Mtoto aliyekwisha kuitazama The Lion King hadi anawatangulia wahusika kusema hana haja ya kuitazama tena ndiyo aichore. Mkalishe akuhadithie, nawe uandike mstari mmoja kwa kila jambo analolitaja. Asilolikumbuka, liache. Mimi kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka na migongo ya tuktuk hapa Majengo, na likizo ya Agosti watoto wa dada yangu hushinda kibandani kwangu. Njia hii nimeijaribu kwao, na wale kwa kubishana hawana mfano.

Hesabu ndiyo inayotubana. Filamu ile ya 1994 ni ya dakika 88, na kila sekunde hupita picha 24, yaani picha zaidi ya 126,000. Wewe una karatasi nne za A4. Ukizikunja katikati unapata kurasa 16. Toa jalada la mbele na la nyuma, zimebaki 14. Visanduku vitano kwa kila ukurasa ni visanduku 70 tu. Kwa hivyo kuchora si ndiyo kazi. Kazi ni kujua cha kutupa.

Chukua pale nyumbu wanapofumuka bondeni. Mtoto atataka kuchora nyumbu, nyumbu, nyumbu, hadi karatasi iishe. Mzuie. Kisanduku cha kwanza: Simba mdogo anamngurumia kinyonga, amejiona mkubwa. Cha pili: vijiwe vinarukaruka chini, basi, hakuna kingine. Cha tatu: uso wa Simba, macho yametoka. Nyumbu wasubiri ukurasa unaofuata, na hapo wape ukurasa mzima. Hakikisha vijiwe na uso viko upande wa kulia wa kitabu, ili msomaji afunue mwenyewe ndiyo akutane na kundi. Hao nyumbu wala usiwachore wote: watatu wa mbele wakamilike, wa nyuma wawe pembe na vumbi.

Nyimbo kwenye karatasi haziimbiki. Usimwache mtoto ajaze maputo, yale maduara ya maneno ya wahusika, kwa mashairi. Pale mwanzo, mtoto wa simba anapoinuliwa juu ya mwamba, hakuna anayezungumza hata kwenye filamu. Picha moja kubwa yatosha, bila neno.

Sasa maandishi, na hapa nasema kama fundi: andika maneno kwanza, kisha uyazungushie puto, mwisho ndiyo uchore mtu. Watoto hufanya kinyume, na neno kama “hatutawaambia” likakwama sikioni mwa fisi. Maneno yetu ni marefu na kuyakata vipandevipande ni uchafu. Puto moja lisizidi maneno kumi. Anayeanza kusema akae kushoto, juu kidogo, maana ndiko jicho linakoanzia. Herufi zote kubwa, mistari miwili ya penseli juu na chini ili zisipande mlima.

Ukisikia “Mjomba, kwenye filamu haiko hivyo,” usihangaike. Vitabu rasmi vya namna hii mara nyingi huchorwa filamu ikiwa bado jikoni, mchoraji akitegemea mswada na michoro ya awali, ndiyo maana huwa na vituko ambavyo sinema haina. Katuni ya Snow White ilianza kutoka magazetini Marekani Desemba 1937, siku chache kabla ya filamu yenyewe kuonyeshwa mara ya kwanza.

Kabla ya kuchora, kunja karatasi tupu nne na uzipe nambari, kisha uzifungue. Utaona ukurasa wa 1 unakaa karatasi moja na wa 16, wa 2 na wa 15. Ukiruka hatua hii, Mufasa, baba yake Simba, atakufa kabla hajazaa. Penseli kwanza, kalamu nyeusi juu yake, ufute. Rangi ziwekwe baada ya kutoa kopi.

Kuuza? Hapana. Simba huyo ana wenyewe, na Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na KECOBO, bodi ya hakimiliki, wa kuisimamia. Mkichora, mkasoma nyumbani, mkafurahi, imetosha. Mtoto akitaka cha kuuza, mpeleke kwa bibi amtolee za Sungura na Fisi. Mchora katuni Terry Hirst alifanya hivyo hivyo miaka ya 1980 kwa Pichadithi zake, ngano za Kiafrika ndani ya visanduku.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Ifungue, weka champali chini ya mkunjo, bonyeza pini ziingie kwenye mpira, kisha chomoa taratibu na uzikunje kwa mgongo wa kijiko.