Jagi linachelewa kuchemka? Pima volti na ampea kwanza

Mwezi wa saba Uyole, Mbeya, kwa baridi ile maji ya bomba huogi bila kuyachemsha. Mama mmoja aliniita: "Fundi, hili jagi la umeme nimenunua juzi tu, mbona linachelewa hivi?" Alikuwa analichomeka jikoni kule uani, umeme ukitoka nyumba kubwa kwa waya mrefu uliopita darini.

Sikulifungua. Niliinua kitako nikasoma: volti 230, wati 2300. Wati ukigawa kwa volti unapata ampea: 2300 ÷ 230 = 10. Volti ukigawa kwa ampea unapata ukinzani: 230 ÷ 10 = omu 23. Kuhakikisha, chomoa jagi, bonyeza swichi yake kama unaliwasha, weka mita kwenye omu, kisha gusa zile pini mbili fupi za plagi. Lilisoma 23. Koili nzima kabisa.

Omu hazipimwi kitu kikiwa kwenye umeme, utaua mita. Na balbu ya zamani ya wati 60 isikuchanganye: kwa hesabu ni omu 882 ikiwa inawaka, lakini ikiwa baridi mita inasoma chini ya 100. Koili ya jagi haibadiliki hivyo.

Ampea ndipo wengi wanapokwama. Nilipoanza kazi nilizungushia klampu, mita ya ampea yenye taya za kuzunguka waya, kwenye waya mzima wa pasi, mita ikasoma sifuri, nikamwambia mwenyewe pasi imekufa huku inaniunguza vidole. Umeme unaokwenda na unaorudi, ukiwa pamoja ndani ya klampu, unafutana. Klampu inashika waya mmoja tu. Mimi natembea na ekstensheni fupi niliyoichana ganda la nje, nyaya za ndani zikiwa na maganda yake salama.

Basi, jagi likiwa linachemsha: volti 207 kwenye soketi, ampea 9. Angalia, 207 ÷ 9 bado ni omu 23. Ila wati ni 207 × 9 = 1863, siyo 2300. Nikaenda kupima kwenye menswichi, jagi likiwa bado linafanya kazi: 230. Volti 23 zimepotelea njiani. Ingekuwa na huko ni 207, ningejua tatizo linatoka kwenye laini ya mtaani.

Hesabu ileile sasa ifanyie waya. 23 ÷ 9 ni kama omu 2.6, nyingi mno kwa waya wa ndani ya nyumba. Na 23 × 9 = wati 207 za joto, huko darini penye mbao kavu. Nilizima menswichi nikapanda. Katikati ya waya mwembamba kulikuwa na kiungo kilichosokotwa kwa mkono, tepu nyeusi imeyeyuka na kushikana na mbao.

Tukavuta waya mpya wa milimita za mraba 2.5, mzima bila kiungo. Soketi ikasoma 226, ampea 9.8, yaani wati 2215 hivi.

Hesabu hizi ni za vitu vya joto: jagi, pasi, hita, jiko la koili. Friji na mota zina mambo yake, volti mara ampea haikupi wati halisi.

Mama akauliza, "Na zile wati 207 za darini, LUKU ilikuwa inazikata?"

Zote, mama.