Kabla hujalipia godoro, pitisha mkono kiunoni

Wiki iliyopita nimebadilisha godoro na kuna kitu muuzaji alinionyesha nikaona nisikae nacho peke yangu. Ukifika dukani usibonyeze godoro kwa ngumi kama wengi tunavyofanya, vua viatu ulale chali kabisa kama dakika 10 hivi (watakuangalia, waache), halafu pitisha kiganja chini ya kiuno, pale mgongo unapojikunja. Mkono ukipita kirahisi na nafasi inabaki, godoro gumu mno kwako, kiuno kinaning'inia usiku kucha. Ukigoma kabisa kupita na makalio yamezama, laini mno, mgongo unalala kama uko kwenye bembea. Ukiingia kwa kubanwa kidogo, hilo ndo lako. Sababu ni kwamba kiuno kikikosa cha kukishikilia usiku, unaweza kuamka umekakamaa.

Sasa hii inakudanganya ukijaribu godoro likiwa juu ya rundo la mengine, ya chini nayo yanabonyea, mwambie alishushe aliweke kwenye kitanda chenye chaga. Na kama unalala ubavu mkono hausaidii sana, bora mtu akupige picha kwa nyuma uone uti wa mgongo umenyooka au umepinda. Mnalala wawili? Nendeni wote, mwenye kilo 60 na mwenye 95 hawazami sawa. Na kama chaga za nyumbani zimelegea, hata godoro zuri vipi litabonyea tu.