Siku mbili Bwawa la Mtera: hema, boti na ndoano

Kabla ya kufunga mizigo, ulizia kina cha maji. Mtera ni bwawa la umeme, limeziba Mto Ruaha Mkuu mpakani mwa Iringa na Dodoma. Maji yake hupita kwenye mitambo ya megawati 80, kisha huteremka kwenda Kidatu, bwawa jingine la umeme. Likijaa, uso wa maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuendesha mitambo ni mita 690. Kwenye ardhi iliyolala kama ile, kushuka mita chache tu kunatosha kukuachia uwanda mrefu wa tope kati ya hema na maji. Ukiona Usangu na milima ya Mbeya, huko juu mto unakotoka, imepata mvua nzuri, tarajia bwawa lililoshiba. Miezi baada ya masika ndiyo mizuri; ukienda Novemba, jiandae kutembea.

Kutoka Iringa mjini ni kilomita 120 hivi, lami mpaka bwawani, ukipitia Migoli. Unashuka sana, kwa hiyo baridi ya Iringa iache Iringa. Beba kofia, neti ya mbu na maji safi lita 5 kwa kila mtu kwa siku, maana jua la huko halina huruma.

Hema lipigwe juu ya mstari wa takataka na vijiti vilivyoachwa na maji yalipojaa, na mbali kabisa na njia za viboko. Njia ya kiboko utaitambua: ina mifereji miwili sambamba, na katikati limebaki tuta la majani, kwa sababu miguu yake imeachana. Unyayo una vidole vinne. Usiku kiboko hutoka kwenda kula, na ukiwa kati yake na maji hakuzunguki. Kuna mamba pia, kwa hiyo usichuchumae ukingoni kuosha vyombo. Chota kwa ndoo, nenda kaoshee juu.

Boti kodi kwa wavuvi wa hapo hapo, wanaojua visiki vilipo. Miti iliyomezwa na maji haikuondoka. Mingine imesimama wazi, mingine imejificha kiganja kimoja chini ya uso. Hiyo ya pili ndiyo inayotoboa boti. Endesheni polepole, mtu mmoja akae mbele akiangalia. Pangaboi likigonga kisiki, kwenye injini nyingi ndogo hukatika pini yake, na hiyo ndiyo kazi yake: ife pini, gia zipone. Beba pini mbili za akiba, plaizi ya kuzibadilishia na kasia. Mafuta yagawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, la tatu lisiguswe.

Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Ukishalifunga, mwambie mwenzako alivute juu mabegani. Likipita masikio, ni kubwa, na majini litakuvuka. Ondoka saa 12 asubuhi na saa 5 uwe nchi kavu, kwa sababu upepo wa mchana hupata uwanja mpana na kuinua mawimbi mafupi yanayomwagikia ndani. Yakikukuta, elekeza pua ya boti kwenye wimbi kwa mshazari kidogo, abiria wakae chini sakafuni.

Chupa za plastiki zinazoelea kwa mstari ni maboya ya nyavu. Zizunguke. Wavu ukinasa, zima injini, inyanyue, zungusha pangaboi kwa mkono kinyume mpaka uachie. Usikate, ule ni mtaji wa mtu.

Kuhusu kuvua, anzia ofisi ya uvuvi ya eneo hilo uulize leseni na kama uvuvi umeruhusiwa msimu huo. Perege ana mdomo mdogo: tumia ndoano namba 8 au 10, kipande cha nyungunyungu kinachofunika ncha, na boya dogo. Ndoano kubwa huliwa chambo tu, na wengi hudhani hakuna samaki. Kambale mtegee chini kabisa jioni, kwa kipande cha samaki. Ukimpata, mshike nyuma ya kichwa, vidole viwe nyuma ya ile miiba miwili ya mapezi ya kifuani. Ikikuchoma, kidonda huvimba siku kadhaa.

Kuogelea sikushauri kabisa. Ukiacha mamba, maji yaliyotulia penye konokono ni makao ya kichocho. Maji ya kuoga yachemshe, au yachote yakae kwenye ndoo yenye mfuniko siku mbili ndipo uyatumie. Kama uliloana hata magoti tu, subiri wiki 6 hadi 8 ndipo ukapime mkojo na choo, maana kipimo cha mapema huweza kusema huna wakati unao. Mweleze mhudumu wa afya kwamba uligusa maji ya bwawa, na tarehe.